Siku nzima na chupa iliyofungwa

Saa 12:40 asubuhi. Darasani niko peke yangu. Kabla hata ya kuweka mkoba chini, naenda kwenye chupa. Ni ya lita 5, ya kioo, ina mdomo mpana, na leo ni siku ya 19 tangu tuifunge. Ndani mna matope, changarawe, maji ya bwawa, matawi manne ya mmea wa majini na konokono wawili. Kwenye kifuniko nimeandika USIFUNGUE. Wanafunzi hawana shida na agizo hilo. Mwenye shida ni mimi.

Alfajiri ndiyo saa ngumu kwa chupa. Usiku kucha hakuna mwanga, kwa hiyo hakuna usanisinuru, yaani mmea hautengenezi oksijeni, na wenyewe unaitumia kama wanavyoitumia konokono. Bakteria wa kwenye matope nao hawalali. Nawakuta konokono wote wawili wamepanda hadi usawa wa maji. Mkono unaniwasha. Nauficha mfukoni.

Saa 2:15. Kipindi cha kwanza. Sharti ni moja tu: andika ulichokiona. Daftari moja limeandikwa, "Konokono mkubwa ana huzuni."

"Umejuaje?"

"Mwalimu, si amejikunja ndani ya gamba!"

"Basi andika amejikunja."

Anafuta, huku amenuna.

Vipindi viwili vinavyofuata ni vya hesabu, havina la kusimulia.

Saa 5:30. Hapa ndipo chupa inapochangamka. Mwanga umejaa chumbani na kwenye ncha ya shina lililokatwa viputo vya oksijeni vinatoka kimoja kimoja, kama shanga zinazopanda uzi. Tunahesabu: 14 kwa dakika. Tunaifunika chupa kwa kitambaa cheusi, tunasubiri, tunafunua: 3. Konokono wameshashuka chini, wanakwangua mwani kwenye kioo. Nimeiweka mbali kidogo na dirisha, maana chupa ya kwanza niliiacha kwenye jua kali na kila kilichokuwemo kikapikika. Hilo nalikiri kila muhula mpya.

Saa 8:10 mchana. Swali halikosekani: mtu anaweza kuishi humo? Nawasimulia Biosphere 2, jengo la vioo huko Arizona, Marekani, ambamo watu 8 walijifungia Septemba 1991 kwa miaka miwili. Oksijeni ilishuka kutoka karibu asilimia 21 hadi karibu 14, ikabidi waongezewe kutoka nje. Udongo ulikuwa na mboji nyingi, bakteria wakapumua kupita kiasi, na sehemu kubwa ya kabonidayoksaidi waliyoitoa ikanyonywa na zege la jengo badala ya kurudi kwa mimea.

Kimya. Kisha yule aliyenuna asubuhi anainama kutazama sakafu ya chupa.

"Mwalimu, matope yetu tulipima?"

Hatukupima. Niliyachota kwa kopo tu, nikaona yanatosha.

Saa 11:00 jioni. Wote wameondoka. Kioo kimeanza kupoa, umande umetanda chini ya kifuniko na tone moja linateleza kurudi majini. Nyuma yake, kwenye kioo, naona kitu kama ute mwangavu, upana wa ukucha, chenye vidoa ndani. Mayai. Najaribu kuvihesabu, nafika 20 na ushee, napoteza hesabu. Matawi ya mmea bado ni manne.

Kwenye daftari naandika: "Watazidi oksijeni iliyopo." Nautazama mstari huo, naufuta. Naandika: "Mayai, upande wa dirisha, zaidi ya 20."

Nazima taa.