Musa Alikalia Jiwe

Andiko: Kutoka 17:8–13

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii naanza na kosa langu mwenyewe.

Jumapili moja, nikiwa mwaka wa kwanza wa mafunzo ya ukalimani wa lugha ya alama, nilisimama mbele ya viziwi sita tangu wimbo wa kwanza mpaka baraka ya mwisho. Peke yangu. Siku iliyotangulia nilishinda darasani, na jioni yake nikatafsiri msibani kwa sababu familia iliniomba nami sikujua kukataa. Ibada ilipokaribia mwisho, mhubiri akauliza: "Je, Mungu ametuacha?" Akanyamaza kidogo ili swali liwaingie watu, kisha akaendelea. Mikono yangu ilitoa alama zote, moja baada ya nyingine, wala sikukosea hata moja.

Watu walipokuwa wakitoka, mama mmoja kiziwi, mtu mzima wa kuheshimika, akanigusa bega. Akaniuliza: mwanangu, mbona leo mhubiri amesema Mungu ametuacha?

Niwaeleze msioijua lugha hii. Katika lugha nyingi za alama, swali la ndiyo au hapana haliulizwi kwa mikono. Linaulizwa kwa uso: nyusi hupanda, kichwa husogea mbele kidogo, macho hubaki kwa anayeulizwa. Mikono inaweza kuwa ileile ya sentensi ya kawaida. Nyusi ndizo "je" yenyewe. Uso wangu siku ile ulikuwa umekufa kwa uchovu. Mikono ikasema, nyusi zikalala, na swali la mhubiri likatoka kama tangazo. Watu sita walikuja kanisani wakaambiwa Mungu amewaacha, na aliyewaambia ni mimi.

Tangu hapo siisomi Kutoka 17 kama nilivyokuwa nikiisoma. Zamani nilimwona Musa juu ya kilima, fimbo mkononi, shujaa wa maombi. Sasa naona mabega. Andiko linasema waziwazi kwamba mikono yake ilikuwa mizito. Halisemi imani yake ilipungua, wala halisemi Mungu alimkemea. Mikono ya mtu ikiinuliwa muda mrefu inakuwa mizito, basi, hata ikiwa ni mikono iliyonyoshwa juu ya bahari na maji yakagawanyika. Na huko bondeni Waisraeli, waliokuwa wakipigana na Waamaleki, walikuwa wakishindwa kila ilipoteremka. Uchovu wa mtu mmoja uliwafikia wengine, kama uchovu wa nyusi zangu.

Tazameni mpangilio wa mambo. Kabla ya Haruni na Huri, wenzake wawili waliopanda naye kilimani, kushika mikono, lililetwa jiwe. Musa akaketi. Nimehudhuria ibada nyingi zilizohubiri habari ya Haruni na Huri, na sikumbuki hata moja iliyosimama kwenye lile jiwe. Pengine tunaona haya kwamba mtumishi wa Mungu, vita ikiendelea, aliketi. Lakini hakuteremka kilimani. Aliketi palepale kazini, na wenzake wakasimama huku na huku mpaka jua likachwa. Wala hatusomi kwamba aliwaita. Inaelekea walikuwa karibu kiasi cha kuiona mikono ikianza kutetemeka.

Darasani tunafundishwa jambo hilihili bila kutaja kilima. Kazi ndefu hufanywa na wakalimani wawili, na hubadilishana kila baada ya dakika 20 hivi. Si kwa sababu mkono unauma tu. Kichwa ndicho hutangulia kuchoka: unasikiliza sentensi ya sasa huku mikono ingali inamalizia ya nyuma, na katikati unatafuta namna ya kulisema jambo ambalo lugha ya pili hulipanga vingine kabisa. Mtu akichoka huanza kuacha vitu, na ubaya wake ni kwamba mwenyewe hajui ameacha. Yule wa pili, akiwa amekaa, hapumziki kabisa. Anakutazama. Tarakimu ikikupita anakurushia kwa vidole. Jina la kitabu cha Biblia likikutoka anakupa. Anaiona mikono yako kabla wewe hujaisikia.

Basi kwa nini makanisani tunasimamisha mmoja kwa saa tatu, tunamwita mwenye karama? Nauliza tu. Wenye kutafsiri kwa sauti kutoka kwa wahubiri wageni nao wananielewa.

Baada ya kosa lile nilipata ushauri mwingi wa kujitunza, mwingine mzuri sana. Kulala. Kunyoosha viganja na shingo kabla na baada ya kazi, maana kano za mkono huvimba, na wako wakalimani waliolazimika kuacha kazi kwa sababu vidole vilikufa ganzi. Kusema "naomba nikajibu kesho" mtu anapokuomba huduma, badala ya "sawa" inayotoka kabla ya kufikiri. Haya nayafanya mpaka leo. Mwezi wa Septemba ndio hunijaribu kuliko yote, kwa sababu tarehe 23 ni Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama, na kila mwenye jukwaa hukumbuka ghafla kwamba anahitaji mkalimani, ikiwezekana wa bure.

Lakini ushauri ule niliusikia vibaya mahali pamoja. Nilielewa kwamba kujitunza ni kukaa mbali na watu. Nikawa nikimaliza kutafsiri nachukua mkoba na kutoka kwa mlango wa nyuma kabla viziwi hawajaanza mazungumzo yao. Mazungumzo yenyewe mnayajua: hayana mwisho. Watasimama palipo na mwanga, maana gizani mikono haisemi kitu, wataagana, mmoja atakumbuka neno, wataanza upya. Nilijiambia nalinda nguvu zangu. Nikaacha na kikundi cha maombi cha Jumatano. Nikabaki na darasa, kazi na kitanda changu, na nikashangaa kwamba nalala vizuri ila nazidi kukauka.

Yule mama ndiye aliyenitoa huko. Siku moja alinizuia mlangoni, kisha akaniigiza mbele ya wenzake. Aliyewahi kuigizwa na kiziwi anajua kwamba hakuna mahali pa kujificha: mkoba begani, shingo imekaza, jicho kwenye saa ya ukutani, tabasamu fupi la kuaga, huyoo mlangoni. Walicheka, nami nikacheka. Kisha akaniambia kwa alama polepole, kama anayemwambia mtoto: kukiwa na kazi, tunakuona. Bila kazi, hatukuoni.

Nilijitetea kwamba nimechoka. Akanijibu: keti basi.

Nikaketi. Siku ile sikutafsiri chochote. Mtu akisimulia, nilisikiliza kwa macho kama wengine. Nikipitwa, nilimwuliza jirani. Waliniuliza habari za nyumbani kwetu, nikawaeleza kwa alama zangu mbovu za mwanafunzi, wakanisahihisha. Na hapo ndipo nililitambua jambo ambalo darasani sikuliona. Mkalimani anapofanya kazi husema "mimi" akimaanisha mtu mwingine. Kiziwi akisema kwa alama kwamba amefiwa na mtoto, sauti inayotoka kinywani mwangu ni "nimefiwa na mtoto wangu." Daktari akimpa kiziwi habari mbaya, mikono inayomfikishia ni yangu. Siku nzima "mimi" yangu imeazimwa na watu, na ni haki yao, maana ndiyo kazi. Ila inabidi iwepo saa ambayo nikisema "mimi" namaanisha mimi. Nilidhani saa hiyo nitaipata chumbani peke yangu, lakini chumbani hakuna wa kumwambia.

Ndiyo maana siku hizi sikubali watu wakiweka kujitunza upande mmoja wa mizani na jamii upande wa pili, kana kwamba kimoja kikipanda kingine lazima kishuke. Kilimani vilikuwa mahali pamoja. Jiwe liko chini yako, watu wako kando yako, na ukiondoa kimojawapo mikono inaanguka. Jiwe bila Haruni na Huri ni mtu aliyeketi tu. Haruni na Huri bila jiwe ni watu watatu wanaochoka pamoja.

Liko na jambo la siri, na hapa nasema na sisi tuombao. Mkalimani hasimulii aliyoyasikia kazini. Hilo tunaliapia mapema, na mwenye mdomo mwepesi hadumu. Sasa mtu anatoka chumba cha daktari amebeba habari nzito, anafika kikundi cha maombi, anaulizwa "una mzigo gani?" Mara moja nilifungua kinywa nikaanza: "Tumwombee ndugu mmoja kiziwi..." nikanyamaza. Katika kanisa lenye viziwi sita, "ndugu mmoja kiziwi" ni jina kamili na anwani yake. Umbeya ukivaa kilemba cha maombi bado ni umbeya. Siku hizi nawaambia wapendwa: nimebeba kitu nisichoweza kukisema, niwekeeni mikono tu. Wananiwekea. Hawaulizi. Mbele za Mungu peke yangu nataja majina yote, na kwa mlezi wangu wa mafunzo nazungumza habari ya moyo wangu, jinsi nilivyotetemeka, bila kugusa siri ya yule niliyemtafsiria. Imenichukua muda kukubali kwamba kanisa linaweza kukubeba bila kujua limebeba nini.

Mnaweza kuniuliza habari za Marko 7, Bwana Yesu na yule kiziwi mwenye utasi, aliyesema kwa shida, ambaye alimtia vidole masikioni akamponya. Andiko hilo nalishika kwa tahadhari, kwa sababu viziwi wengi wamechoka kuwekewa vidole masikioni na watu ambao hawajawauliza hata jina. Ninachokipenda pale ni kidogo. Yesu alimtenga na makutano kwanza. Akamgusa, akatazama juu mbinguni, mambo ambayo mtu asiyesikia anayaona na kuyahisi. Na kabla ya kusema neno, aliugua. Sijui kama mmewahi kulitulia hilo. Alishusha pumzi. Nami kabla ya kupanda mbele nashusha pumzi, nikikumbuka kwamba naye alifanya hivyo.

Kuna wakati nalalamika kwamba mikono inaniuma, mbele ya mzee mmoja aliyesoma shule ambayo mwanafunzi akionekana akiongea kwa alama alichapwa vidole. Mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan mwaka 1880 uliamua kwamba alama ziondoke madarasani na watoto wafundishwe kwa sauti, na uamuzi ule ulisambaa nchi nyingi. Mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi uliukana na kusikitikia madhara yake mwaka 2010 tu, huko Vancouver. Miaka 130. Mzee yule hanikemei ninapolalamika. Hunishika viganja na kuvikanda kwa dole gumba, kuanzia kifundo kuelekea vidole, huku akinitazama usoni. Yeye hujua panapouma.

Ukigeuza ukurasa, Kutoka 18, mkwewe Musa anafika, anamkuta ameketi asubuhi mpaka jioni akiwaamua watu peke yake. Yaani ya kilimani yalikuwa ya jana tu, na ameshasahau! Yethro anamwambia atadhoofika, yeye pamoja na watu alio nao. Pamoja na watu. Hilo tu ndilo nililotaka mlione, maana mimi huwa nafikiri nikijichosha naumia mwenyewe.

Tangu mwezi uliopita tuko wawili mbele. Mwenzangu ni binti wa wazazi viziwi, alama zake ni za kunyonya titi la mama, na akinitazama ninavyohangaika hujizuia kucheka. Nikifika dakika ya kumi na nane hivi hunikazia macho. Nikijifanya sikumwona, yule mama wa safu ya mbele hugonga sakafu kwa mguu mpaka niketi.

Kwa maombi ya wiki hii: mwombeeni mwenzangu huyo, ana homa na huenda Jumapili asiwepo. Nimekwisha kuzungumza na wazee. Matangazo yataandikwa kwenye ukuta wa picha badala ya kutafsiriwa, mhubiri amekubali kunipa mahubiri yake Ijumaa niyasome, na katikati kutakuwa na wimbo mmoja ambao sitautafsiri, viziwi watauongoza wenyewe kwa alama zao nasi tutawafuata. Wanaufanyia mazoezi Jumamosi saa kumi. Nami naenda, bila mkoba.