Diski Zilizochakaa, Mwendo na Chakula cha Kila Siku

Majibu ya kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, humtia mtu hofu kuliko hata maumivu yenyewe. Yangu yalionyesha kwamba diski mbili (mito laini iliyo kati ya pingili) za sehemu ya chini ya uti wa mgongo zimechakaa na kupungua unene, na ushauri wa kwanza nilioupata kwa jamaa na majirani hapa Kisumu ulikuwa kwamba nisibebe chochote, nisitembee mwendo mrefu, na nilale mpaka mgongo upone. Walinishauri kwa mapenzi. Hata hivyo, ushauri huo umewaumiza wengi, maana mtu akilala majuma mazima misuli hulegea, uzito huongezeka, na siku anapoinuka mgongo huuma zaidi ya ulivyouma awali.

Mtafiti Waleed Brinjikji na wenzake walikusanya tafiti za picha za watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo, na mwaka 2015 wakachapisha makadirio kwamba diski zilizochakaa huonekana kwa asilimia 37 ya watu wenye umri wa miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Picha peke yake, basi, haiwezi kukuambia utaumwa kiasi gani wala utafanya kazi gani.

Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu kabisa. Hupata lishe yake polepole kupitia pingili zilizo juu na chini yake, na majimaji huingia na kutoka kadiri inavyobanwa na kuachiliwa: mchana tukiwa wima hukamuliwa, usiku tukilala hufyonza tena, ndiyo maana asubuhi mtu huwa mrefu kuliko jioni kwa sentimita moja hivi au zaidi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kukaa kitako kutwa nzima kunadhuru, na pia kwa nini mgongo huwa umekakamaa alfajiri. Diski iliyojaa maji haipendi kukunjwa. Utafiti wa Stover Snook na wenzake wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba wagonjwa waliojizuia kuinama saa za kwanza baada ya kuamka walipungukiwa na maumivu. Kwa hiyo kupiga deki na kufua kwa beseni nimevisogeza hadi baadaye, na mtungi wa maji wa lita 20, ambao maji yake pekee ni kilo 20, naugawa katika ndoo mbili ndogo, moja kila mkono.

Mazoezi yangu makuu ni kutembea kuelekea Dunga, ufuoni mwa ziwa, jua linapopoa, mwendo wa kukaza hatua. Nyumbani nafanya pia mazoezi ambayo Stuart McGill, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, ameyaeleza kwa miaka mingi. Mojawapo ni hili: napiga magoti juu ya mkeka, viganja vikiwa chini ya mabega, kisha nanyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma kwa pamoja, kiuno kikiwa kimetulia kiasi kwamba kikombe cha chai kikiwekwa hapo hakimwagiki. Nashikilia kwa sekunde zisizozidi 10, napumzika, nabadilisha upande. Anayeanza aonyeshwe kwanza na mtaalamu wa fiziotherapia, kwa kuwa migongo haifanani.

Kuhusu chakula, niseme wazi kwamba hakuna mlo unaorudisha diski iliyochakaa, na anayewauzia watu unga wa kufanya hivyo anawadanganya. Chakula hulinda mifupa na misuli inayoubeba mgongo, na hupunguza mzigo wa kitambi. Ziwa letu la Viktoria limetupa omena, samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao, wenye kalisi na protini tele. Nazichambua, naziosha kwa maji moto, nazikaanga mpaka zikauke, kisha naziunga kwa kitunguu na nyanya. Kando naweka mboga za osuga (mnavu) au kunde kwa wingi na ugali mdogo. Asubuhi ni uji wa wimbi, ambao nao una kalisi nyingi, bila sukari. Wavutaji sigara nao wajue kwamba tumbaku huziharibu diski.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza mazoezi, lakini haupendekezi mikanda ya mgongo ambayo wengi wetu hukimbilia kununua. Vidonge vya maumivu navyo, vikimezwa mfululizo bila daktari, huweza kuumiza tumbo na figo.

Zipo dalili ambazo mazoezi hayazitibu. Mkojo au choo kikikataa kutoka au kikitoka bila kujua, ganzi ikiingia sehemu za siri, au mguu ukipoteza nguvu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Homa, kutokwa jasho usiku na kukonda pamoja na maumivu ya mgongo huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa ambao huku kwetu bado upo, na ambao dawa zake hutolewa bure katika hospitali za umma.