Euro 127 za treni, na mimi nimekuja kujitolea

Leo nimelipa euro 127 za treni niliyopanda mara moja tu, siku ile ile niliyotua Ujerumani, humo ikiwemo na faini ya barua ya kukumbushwa. Posho yangu hapa nyumba ya wazee ni euro 400 kwa mwezi. Hebu zidisheni wenyewe, chumba cha Mbagala hapo ni miezi mingapi?

Nilitoka Dar mwezi wa tisa, Terminal 3, wasindikizaji kumi na mmoja utadhani naenda kuolewa. Mama aliongeza unga na dagaa dakika ya mwisho, mzani ukakataa, ikabidi tufungue mabegi palepale sakafuni watu wanatuangalia, hiki toa, hiki hamishia kule, shangazi naye anafunga na selotepu anaisokota mpaka inaisha. Katika purukushani hiyo bahasha yangu ya kaki, yenye mkataba wa kujitolea na barua ya mwaliko, ikaingia begi kubwa chini ya dagaa. Sikuona.

Addis nilikaa masaa sita. Uwanja uko juu zaidi ya mita 2,300 na mimi nimevaa kandambili za safari, baridi ikanipata kabla hata ya Ulaya. Kilichonifurahisha ni dada wa usafi aliponiambia ndege yangu ni saa sita usiku nikamwelewa hapohapo, maana Wahabeshi wanahesabu masaa kama sisi.

Frankfurt tukatua saa kumi na mbili asubuhi. Afisa wa pasi visa anaiona, kaigeuzageuza, halafu anataka mkataba. Mkataba uko kwenye begi, begi liko huko linazunguka kwenye mkanda. Kijerumani changu cha darasani kikayeyuka chote. Nikakalishwa benchi mpaka saa mbili walipompata mratibu wangu kwa simu, na sisemi walinionea, kosa langu lile.

Treni yangu ilikuwa saa moja na nusu.

Sasa mimi nikajua tiketi ni tiketi, basi la mkoani likikuacha pale stendi ya Magufuli unamlilia mtu wa ofisini, anakung'ang'aniza kwenye linalofuata hata kama ni siti ya nyuma kabisa. Nikapanda treni iliyofuata ya kwenda Kassel na mabegi yangu mawili yananuka dagaa, nikakaa. Konda akaja, mzee mwenye ndevu nyeupe, akaitazama tiketi, akanitazama mimi. Kumbe zile tiketi za bei chee zimefungwa na treni moja tu, ukiikosa kwa sababu zako hiyo karatasi haina kazi tena. Akaniandikia deni bila hata kupandisha sauti, na ndo kilichoniuma zaidi, bora angenifokea. Halafu baada ya kama dakika kumi akarudi, akaiomba ileile karatasi ya deni, akaigeuza nyuma akaandika kwa herufi kubwa kubwa kituo cha kubadilisha, platifomu na saa, na tulipofika Kassel akashusha begi moja mwenyewe. Yani mtu kakupiga faini na begi anakubebea!

Nyie mnaoniuliza inbox kuhusu hizi nafasi za Bufdi, yaani kujitolea chini ya mpango wa serikali ya Ujerumani, umri na lugha mtaelekezwa, mimi nasema haya tu. Mkataba, mwaliko na bima vikae kwenye mkoba wa mkononi, tena nakala mbili. Ukiambiwa umeshakatiwa treni uliza kama imefungwa na saa, maana zipo tiketi zinazouzwa pamoja na ya ndege ambazo unapanda treni yoyote siku hiyo, ziombe hizo hata kama mratibu anaona aibu kuongeza hela. Na barua ya deni usiiweke chini ya mto kama mimi, ukikaa kimya inazaa.

Jana nilimpigia mama nikamwambia kuhusu deni. Kanyamaza kidogo. "Wewe si ulisema huko unajitolea?" Nikasema ndio mama. "Sasa mbona treni wanakulipisha?"