Aliyemrubuni mwenzako avunje mkataba: kesi yake inasimama wapi

Msambazaji amesaini kukuletea mahindi kwa miezi sita kwa bei moja. Mwezi wa tatu mshindani wako anamwendea, anampandia dau, na malori hayafiki tena. Msambazaji utamshtaki kwa kuvunja mkataba, hilo halina utata. Lakini yule wa pembeni, ambaye hakusaini nawe chochote? Naye anashtakika, ila kwa madai ya madhara (tort, yaani kumdhuru mtu hata kama huna mkataba naye), si ya mkataba. Na kesi dhidi yake huanguka zaidi mahali pamoja: mdai hana cha kuonyesha kwamba mdaiwa aliujua mkataba.

Msingi wa madai haya ni kesi ya Lumley dhidi ya Gye, iliyoamuliwa London mwaka 1853. Mwimbaji wa opera, Johanna Wagner, alikuwa amejifunga kuimba katika ukumbi wa Benjamin Lumley na si kwingine. Frederick Gye wa ukumbi wa Covent Garden akamvuta kwa malipo makubwa zaidi. Mahakama ikasema anayemshawishi mtu kwa makusudi avunje mkataba anaweza kudaiwa fidia. Wengi husoma hadi hapo tu. Ushahidi uliposikilizwa mwaka 1854, Gye alishinda, kwa sababu juri iliona aliamini kwa dhati kwamba mkataba ule haukumfunga Wagner.

Mwaka 2007, katika OBG dhidi ya Allan, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ya wakati huo ililinyoosha jambo hili. Mdai athibitishe kwamba mkataba halali ulikuwepo, ulivunjwa kweli, mdaiwa aliujua, alikusudia uvunjwe, na alishawishi. Haitoshi kusema kwamba angepaswa kujua. Aliyefumba macho makusudi, akashuku kuna mkataba lakini akakwepa kuuliza, huyo huhesabiwa kuwa alijua. Hukumu za London haziwafungi majaji wa Nairobi wala Dar es Salaam, lakini mfumo wetu ulirithi sheria hiyo ya kimahakama (common law, inayojengwa na maamuzi ya majaji), na mawakili huzitumia kama mwongozo.

Kwa hiyo ukisikia mshindani anamzunguka mtu wako, mwandikie barua kabla mambo hayajaharibika. Taja pande za mkataba, tarehe uliosainiwa, unamalizika lini, na kifungu kinachomfunga mwenzako. Bei na siri nyingine usizitoe. Mtake aache. Ipeleke kwa mkono na mpokeaji asaini nakala yako, tena itume kwa barua pepe. Kuanzia hapo hawezi kusimama kizimbani akasema hakujua. Usiongeze vitisho wala matusi, maana barua hiyo hiyo atakuja kuisoma jaji.

Kabla ya kulipa ada ya kufungua shauri, soma kifungu cha kusitisha mkataba kwa notisi. Kama mhasibu wako au daktari wa kliniki yako anaruhusiwa kuondoka kwa notisi ya mwezi mmoja, akaitoa, akaenda kwa mshindani, hakuna mkataba uliovunjwa, hata kama alishawishiwa usiku na mchana. Akiondoka bila notisi, hasara yako kwa kawaida itapimwa kwa mwezi huo mmoja, si kwa miaka uliyotarajia kukaa naye. Ndiyo maana madai ya mamilioni hugeuka kuwa ya laki kadhaa.

Kifungu cha kumzuia mtu kufanya kazi kwa mshindani nacho kina mtego. Tanzania, kifungu cha 27 cha Sheria ya Mikataba hubatilisha makubaliano ya kumzuia mtu kufanya shughuli halali, isipokuwa katika hali chache, kama pale biashara inapouzwa pamoja na jina lake. Kenya, Sura ya 24 ya sheria zake, inayohusu mikataba ya kuzuia biashara, humwachia jaji apime kama zuio ni la haki kwa muda wake na eneo lake. Kifungu kikiwa batili, aliyemwajiri mtu wako hakushawishi uvunjaji wowote. Na ushindani wenyewe si kosa: kutoa bei nzuri zaidi kwa mteja asiye na mkataba nawe ni biashara, basi.

Kosa jingine ni kumshtaki mkurugenzi wa kampuni iliyokuvunjia mkataba, eti ndiye aliyeishawishi. Akiwa alitenda kwa nia njema na ndani ya mamlaka yake, huyo ni kampuni yenyewe inayosema. Tangu kesi ya Uingereza ya Said dhidi ya Butt ya mwaka 1920 hoja hiyo haifiki mbali.

Kama mkataba bado uko hai, omba upesi zuio la muda, yaani amri ya mahakama ya kumsimamisha mdaiwa wakati kesi ikiendelea. Kenya utapimwa kwa vigezo vya Giella dhidi ya Cassman Brown (1973), Tanzania kwa vya Atilio dhidi ya Mbowe (1969): hoja yenye uzito, hasara isiyofidika kwa pesa, na nani ataumia zaidi. Ukikaa miezi miwili ndipo uende, jaji atauliza dharura iko wapi. Ujumbe wa WhatsApp uhifadhi kwenye simu yenyewe, usiufute baada ya kupiga picha ya skrini; Kenya utahitaji pia cheti cha kuthibitisha ushahidi wa kielektroniki, cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Hasara ithibitishe kwa oda, ankara na taarifa za benki za kabla na baada. Faida unayodai ikizidi ile uliyoitangaza kwa mamlaka ya kodi, wakili wa upande wa pili ataanzia hapo kukuhoji.

Muda wa madai ya madhara ni miaka 3 kwa nchi zote mbili, wakati ya mkataba ni miaka 6, hivyo anayemsubiri kwanza aliyevunja mkataba anaweza kumpoteza aliyemshawishi. Na kama mshindani alimvuta mteja kwa kukuchafua jina, Kenya madai ya kashfa yana miezi 12 tu.