Paka haachwi na funguo

Ukimuuliza mtu wa Dar huyu paka wako ulimtoa wapi, mara nyingi jibu ni "aa huyu tulimkuta hapa hapa". Yaani mpangaji aliyepita kahama, kapakia kochi, friji, mpaka ndoo ya kudekia kaibeba, afu paka kamuacha kama bomba la kuogea, kwamba ni mali ya nyumba. Mimi Chausiku wangu nilimpata hivo hivo kule Sinza, ndo maana nilipopata nyumba Goba kila mtu akawa ananishangaa, kwani si umuache tu, paka hakosi pa kula. Anakosa bana. Mpangaji anayekuja akiwa hapendi paka anammwagia maji ya moto, au paka anakula panya aliyekula sumu, ndo kaenda hivo. Tena mwenye nyumba wa Sinza alinipigia baada ya kuhama, nikajua labda kuna bili ya maji, kumbe analalamika panya wamejaa na mbona nimeondoka na paka wa nyumba. Nikamwambia baba shikamoo, huyo paka nimemlisha na kumchanja kwa hela yangu.

Sasa paka ana nafuu, shughuli ni mbwa. Dalali atakuuliza mpo wangapi, una watoto, unataka ya kujitegemea au choo cha kushea, hawezi kukuuliza kama una mbwa, na wewe ukinyamaza ukasema nitajieleza huko mbele ndo unajitafutia kesi, sababu ukishatoa kodi ya miezi sita na mwezi mmoja wa dalali hiyo hela hairudi. Mi nilikua naanza na hilo hata kabla ya kuuliza kama maji yapo. Wengine wanakukatalia hapo hapo kwenye simu, sawa, angalau hujalipa hela ya kuzungushwa. Kuna mwenye nyumba mmoja yeye alimpenda mbwa wangu Bosi kuliko alivyonipenda mimi, anasema huku vibaka wanaruka ukuta kwa iyo mbwa asifungwe na asilishwe sana ili awe mkali. Nikaaga.

Hapa Goba tuko nyumba mbili ndani ya geti moja. Nyumba ya mbele yupo bi mkubwa mmoja, mtu wa swala tano, na nilienda kumuona kabla sijahamia, hilo naona wengi hawalifanyi, wanaongea na mwenye nyumba tu wakati anayeishi na mbwa wako ni jirani. Akaniambia, "Mwanangu, mie sina ugomvi na umbwa, ila udenda wake ukinigusa hapa nitaswali vipi?" Na ana haki yake, kwao chombo alicholamba mbwa kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo, sio jambo la kumwambia mtu zoea tu. Tukakubaliana banda liwe nyuma kabisa upande wangu, mchana amefungwa, anafunguliwa usiku geti likishapigwa kufuli na bi mkubwa kaingia ndani, na lile bomba la nje wanalotawadhia Bosi hafiki hata iweje. Bakuli lake lina sehemu yake ya kuoshewa huko huko nyuma. Mpaka leo hatujagombana, na ananitunzia vichwa vya samaki, anavileta mwenyewe ila anasimamia mbali.

Siku ya kuhama yenyewe haina mengi. Vitu vilienda na kirikuu, Bosi nyuma na mdogo wangu kamshikilia mkanda, dereva alinuna kidogo akaongezewa hela akacheka. Chausiku nilimpakia bajaji kwenye tenga la kuku, juu nimefunika kanga. Nawaomba msiweke paka kwenye kiroba, kwa joto la Dar na foleni zetu unaweza kufika na maiti. Tuliondoka alfajiri jua halijachomoza na sikumpa chakula kwanza maana akila anatapika njiani, na bado alilia kuanzia Mlimani City mpaka tunaimaliza Makongo, sauti nzito hivi ambayo sijawahi kuisikia kwake, dereva wa bajaji anageuka kila saa, "dada una uhakika huyo ni paka?"

Kazi sasa ni zile wiki za mwanzo. Mbwa akikuona wewe upo na bakuli lake lipo basi maisha yanaendelea, paka yeye anajua kwake kwa kunusa. Si unaona anavyojisugua mashavu kwenye miguu ya meza, pale anaacha harufu yake, sasa ukimleta nyumba inayonuka rangi mpya na sementi anaona katupwa ugenini. Kwa iyo ile kanga anayolalia usiifue, hata kama inanuka, ilete hivo hivo. Muanzishie chumba kimoja, na beseni la mchanga (mchanga huku haununui, kila jirani anajenga), afu mfungie ndani wiki mbili tatu hivi. Ukimfungulia mapema wapo wanaojaribu kurudi walikotoka, na kutoka Goba mpaka Sinza hapo katikati kuna Sam Nujoma, paka gani anavuka ile barabara.

Chausiku hakulala usiku wa kwanza. Alikaa juu ya kabati macho kwenye dirisha, asubuhi nakuta wavu wa mbu umechanwa kwenye kona, katundu kadogo tu ka kupitisha kichwa, manyoya meusi yamenasa kwenye nyuzi. Nondo za dirisha ndo zilimzuia. Mbu wa Goba wakapita hapo hapo wakanila mpaka nyayo. Kumtoa nje nilimtoa jioni akiwa na njaa, nikakaa mlangoni na kopo la dagaa nalitikisa, akazunguka banda la Bosi, akanusa ukuta, akarudi mbio.

Kingine, hamieni na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa mkononi. Mtaa wa zamani mbwa wako wanamjua, huku mpya mtoto akikimbia akaparuliwa kidogo tu watu wanataka kujua kachanjwa lini, na wana sababu, kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kuonekana tiba hakuna. Chanjo ni kila mwaka, paka naye apate. Na mtu aking'atwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima afu hospitali siku hiyo hiyo, mambo ya kupaka mafuta ya taa waachieni waliopita.

Tofauti ya Sinza na huku ni majani. Bosi alikua mbwa wa lami, saivi kila jioni namkagua masikioni na katikati ya vidole, kupe wanakaa huko, na mbwa aliyepata homa ya kupe utamuona tu, chakula hataki na fizi zinakua nyeupe. Afu juzi kakutana na kenge nyuma ya tenki la maji, wakaangaliana weee, Bosi akarudi bandani mwenyewe bila kuitwa. Mlinzi huyo.

Chausiku ameshatoboa na wavu wa jikoni. Mwenye namba ya fundi wa nyavu za chuma maeneo ya Goba au Madale anitumie, ila asiwe yule anayekuja kupima afu anapotea na advansi.