Kumbukumbu ya mradi: platini juu ya kromia, kwenye joto la Dar

Ninachopima ni fuwele ya kromia (Cr2O3) yenye unene wa milimita 0.5, juu yake kuna platini ya nanomita 3 iliyokatwa umbo la msalaba. Kromia haipitishi umeme, lakini spini za uso wake (usumaku mdogo wa kila elektroni) huacha alama kwenye mkondo unaopita ndani ya platini: volti ndogo inayotokea kukingama mkondo, yaani ishara ya Hall. Alama yenyewe ni ya miliomu tu.

Joto ndilo linaloamua kila kitu. Mpangilio wa spini za kromia huvunjika kwenye nyuzi 34 za Selsiasi, na chumba kisicho na kiyoyozi mwezi Februari kina 31 au 32. Jua likipiga dirishani, sampuli imeshavuka. Kushusha sana nako hakufai: karibu na nyuzi 25 hewa ya pwani huanza kutoa umande, na umande juu ya fuwele yenye volti 500 huvujisha umeme pembeni. Nimebaki na 28, ndani ya boksi lililozibwa lenye silika jeli iliyokaushwa vizuri.

Kupoza ni kwa Peltier (kibamba kinachohamisha joto toka uso mmoja kwenda mwingine kikipewa umeme) ya TEC1-12706, Kariakoo zipo. Napandisha hadi 45, naweka volti 500 kati ya uso na mgongo wa fuwele, sumaku za neodimi moja juu moja chini, kisha nashuka nyuzi moja kwa dakika. Nikifika 28 nazima volti na kuondoa sumaku kabla ya kupima. Volti ikigeuzwa upande, spini nazo zinageuka.

Mkondo ni miliampea 0.5, unapita kwenye mikono miwili ya msalaba inayotazamana, volti inasomwa kwenye miwili mingine. Msalaba haunyooki kikamilifu, na kwenye platini ya omu 150 kwa mraba, kupinda kwa asilimia 1 tu huzaa omu 1.5. Joto likiyumba nyuzi 0.1, hiyo peke yake husogea kama miliomu 0.3. Dawa ni kubadilishana waya: jozi ya mkondo iwe ya volti, ya volti iwe ya mkondo. Kasoro ya umbo hubaki vilevile, ishara ya Hall hugeuka. Toa moja kwenye nyingine, gawa kwa mbili. Kila jozi isomwe kwa mkondo wa pande zote mbili, ili volti zinazozaliwa na tofauti ya joto kwenye viungo vya waya zifutike.

Umeme ukikatika, joto la upande wa feni hurudi kwenye sampuli na kuivusha 34, kazi yote inaanza upya kwenye 45. Sasa Peltier na feni vinakula kwenye betri ya gari, chaja ikiwa pembeni.