Siku ya bendera na meza ya kila wiki

Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, vyuo vingi vya Marekani ni majengo matupu. Wanafunzi wako likizo na walimu wamesafiri. UNESCO ilipoipitisha siku hiyo Novemba 2021 ilifuata historia ya kwetu: ndiyo tarehe ambayo mwaka 1954 TANU ya Mwalimu Nyerere ilikifanya Kiswahili chombo cha kudai uhuru. Mihula ya Marekani haikuulizwa, wala haikuwa na sababu ya kuulizwa. Basi wanaofundisha Kiswahili huko huisogeza sherehe hadi Aprili, au huiunganisha na Siku ya Kimataifa ya Lugha Mama, 21 Februari, muhula ukiwa umekolea. Februari nayo ina mambo yake. Mwaka 2026 tarehe hiyo iko ndani ya Ramadhani, na chai ya saa sita mchana huwaacha waliofunga wakitazama tu. Isogeze hadi magharibi, anza na tende, shughuli igeuke futari.

Siipingi sherehe kubwa, ile ya bendera, kanga na spika. Inaleta watu. Lakini nikiipima kwa Kiswahili kinachosemwa mle ukumbini, naona ni kidogo mno: mtu anapita, anaambiwa "jambo", anajibu "jambo", anachukua sambusa, anahamia meza ya Kikorea. Kazi yenyewe iko kwenye meza ya Kiswahili, ile ya kila wiki ambapo wanafunzi na wenye lugha huketi pamoja kuzungumza, na fedha kidogo zilizopo ningezipeleka huko.

Meza moja itoshe watu 8. Wenye lugha yao wasizidi 3, tena watawanyishwe. Wakikaa ubavu kwa ubavu, dakika 10 hazipiti wameshaanza kuongea wenyewe kwa wenyewe, Sheng ndani yake, na wanafunzi wamebaki kutabasamu. Tena wenyeji hao wakubaliane mapema kuhusu salamu. Wa Dar es Salaam atataka mwanafunzi amwamkie profesa "shikamoo". Wa Nairobi ataona hiyo ni mbwembwe. Wakibishania hapo mezani, mgeni anaondoka akiogopa kumsalimia yeyote.

Kinachoua meza zaidi, hata hivyo, ni maswali ya hewani. "Habari za masomo?" "Nzuri." Basi, mazungumzo yamekwisha. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hana maneno ya kupiga soga. Mpe kitu cha kushika.

Kwangu mimi kitu hicho ni bao. Mashimo 32, kete 64. Usimwanzishie mgeni bao kamili, ambalo kila mchezaji huweka kete 10 ubaoni na kubaki na 22 mkononi. Namua, yaani hatua ya kuingiza kete za mkononi moja moja, itamchosha kabla hajaonja utamu. Weka kete 2 kila shimo, lile bao la kujifunza, na sharti liwe moja: hakuna kusogeza kete bila kusema. "Naanzia hapa. Moja, mbili, tatu... nimekula!" Akizoea ataongeza "nimetakata" (yaani nimecheza bila kula), "zamu yako", "rudisha, umeruka shimo". Vitenzi vilevile vinarudi tena na tena bila mtu kuhisi yuko darasani, na anayetazama pembeni naye anaanza kubisha, kama barazani. Ubao ukikosekana, chukua trei 2 za mayai 30, kata kila moja ibaki na mashimo 4 kwa 4, zipange ubavu kwa ubavu. Kete ni maharage makavu.

Chakula kina sheria zake. Usikaange ukumbini: moshi wa mafuta ukiifikia kengele, jengo zima linatoka nje. Mandazi yakaangwe nyumbani. Kilo 1 ya unga hutoa kama 40 madogo. Vyuo vingi hutaka chakula cha hadhara kitoke kwa mpishi mwenye kibali, kwa hiyo uliza wiki 3 kabla. Pilau inatakiwa ikae kwenye joto la nyuzi 57 za selsiasi au zaidi hadi ipakuliwe. Chai lita 10 ni vikombe 50 vya mililita 200. Tangawizi mbichi ichemke kwanza kwenye maji, maziwa yafuate. Ukiitia moja kwa moja kwenye maziwa, yanakatika, na hakuna kiliki itakayoyaokoa.

Katika miji mingi ya Marekani wapo pia Wakongomani waliohamia, ambao Kiswahili ni lugha yao ya kila siku. Wanasahaulika kwa sababu hawako kwenye orodha ya baruapepe ya chuo. Waalike Jumamosi alasiri maana Jumapili ni ya kanisa, waelekeze pa kuegesha gari, na ruhusu watoto. Mtoto wa miaka 7 humsahihisha mwanafunzi wa chuo pasipo haya yoyote, na mwanafunzi husikia.

Meza nyingi hufa Septemba. Walimu wasaidizi kutoka Kenya na Tanzania, wanaoletwa na Fulbright, mpango wa serikali ya Marekani wa kubadilishana wasomi, hukaa mwaka mmoja wa masomo, kisha hurudi, na anayefuata hukuta kabati tupu. Aachiwe daftari: fomu ya kuomba chumba iko wapi, ufunguo anao nani, ubao wa bao umehifadhiwa wapi, mama gani Mkongomani hupokea simu jioni tu. Na chumba cha Septemba kiombwe Aprili, kabla vyama vingine havijajaza ratiba.